Coccinelle ya Muzee Haikuwa Mitrayi

Namna ya kufufua motokari ndogo ya zamani nyumbani, na feza kidogo, bila kumuumiza mutu

Ilikuwa siku ya posho, asubui, kwetu Panda, hapa Likasi. Mununuzi wa mitrayi aliingia ndani ya kiwanja na mizani yake. Akazunguka Coccinelle ya baba mara mbili, akagonga mulango na mukono, kutu ikaanguka chini sawa unga. Akasema: "Dola 90, na leo leo nabeba."

Mudogo wangu akaniangalia. Yeye alikuwa na sababu yake: minerval ya watoto wake wawili haikuwa imelipwa, na ile motokari ilikuwa imelala chini ya muti wa maembe miaka na miaka, kuku wanatagia ndani.

Baba alikuwa amekaa mbele ya mulango wa nyumba. Ni muzee wa mugodi, yuko retrete, na kifua kinamusumbua juu ya mavumbi aliyokula chini ya udongo. Hakupandisha sauti. Alisema tu: "Ile haina mitrayi. Ile nililipaka na mushahara yangu, mwezi kwa mwezi, tangu 1973."

Mununuzi akabeba mizani yake, akaenda. Mimi njo nikabakia na madeni mawili. La kwanza, dola 45 za mudogo wangu, nusu ya bei ile, juu minerval haingojei. Nilimulipa kwa mara tatu. La pili, kusimamisha tena motokari, mimi ambaye si fundi wa garaji. Mimi ni mutumishi wa mugodi na delege wa sendika.

Kazi ilichukua miezi 26. Leo inatembea. Ninaandika vile tulifanya kwa sababu najua kama ndani ya viwanja vingi vya Likasi, Kolwezi, Kipushi na Lubumbashi kuko motokari za namna hii: Coccinelle, Renault 4, Peugeot 404. Zimelala tangu kazi ilipopunguka, na wenyewe wanajiuliza kama wauzishe kwa kilo ao watengeneze. Mutu wa feza kidogo anaweza kutengeneza, kama anajua ni wapi atapunguza gharama na ni wapi hapaswi kupunguza hata siku moja. Hiyo ya pili mimi nilijifunza vibaya, na nitaieleza.

KWANZA KARATASI, KISHA NYUNDO

Mbele ya kutoa hata franka moja, tafuta karte rozi. Angalia jina, angalia namba ya shasi, linganisha na ile iliyopigwa kwenye chuma. Kwa Coccinelle, namba hiyo iko chini ya kiti cha nyuma, katikati, juu ya bomba kubwa la shasi. Motokari isiyo na karatasi, hata ukiitengeneza namna gani, haitapita mulango wa kiwanja chako. Asiransi, vinyeti, kontrole tekniki, vyote vinaanzia pale.

Kama motokari ni ya familia, andikeni makubaliano. Sisi baba aliandika karatasi moja, ndugu wote tukatia sahihi: motokari ni ya familia, hakuna mutu atakayeiuzisha peke yake, na kila gharama inaandikwa kwenye kaye. Nimeona ndugu wakiachana juu ya vitu vidogo kuliko motokari.

Sasa nyundo. Chukua nyundo ndogo, turnevisi, na sumaku uliyotoa ndani ya oparlere ya radio iliyokufa. Pitisha sumaku juu ya rangi polepole. Pale haishiki, chini ya rangi kuko mastiki, hakuna chuma. Kisha gonga. Watu wa chini ya udongo hawana haja ya kufundishwa hii: jiwe zima linalia vizuri, jiwe lililoachana linatoa sauti ya ngoma tupu. Chuma nacho kinasema vile vile. Pale panaponyamaza, sukuma na turnevisi. Kama inaingia, pameoza.

Coccinelle iko na mahali pake pa kuozea, na hapabadiliki toka motokari moja mupaka nyingine. Sakafu chini ya kiti cha nyuma, upande wa kuume, pale batri inakaa, juu asidi inamwangika na kula chuma. Mifereji ya hewa ya moto inayopita chini ya milango, pande zote mbili. Ile njo inashikilia umbo la motokari. Mahali pa kutia kriki. Shimo la gurudumu la akiba kule mbele, maji yanaingia kupitia kauchu ya kofia iliyochoka. Chini ya milango, kama matundu ya kutoshea maji yamezibwa na udongo. Chini ya kioo cha mbele.

Na pako pahali pamoja ambapo unapaswa kuangalia mbele ya pengine pote: kichwa cha shasi, pale ekseli ya mbele inafungwa. Kama kimeoza kabisa na hauna fundi wa kweli wa kukibadilisha, simama. Ita mununuzi wa mitrayi, hakuna haya. Ya baba, kichwa cha shasi kilikuwa kizima. Sakafu ilikuwa imekwisha, mufereji wa kushoto ulikuwa umekwisha, mulango mumoja umeoza chini. Ni vibaya, lakini inatengenezeka.

Wengine waliniuliza: kwa nini kupoteza nguvu kwa motokari ya wazee? Jibu liko kwenye piesi. Tarehe 17 mwezi wa pili 1972, Coccinelle ilipita Ford T kwa wingi, ikafika motokari 15.007.034. Uletaji uliendelea mupaka tarehe 30 mwezi wa saba 2003, kule Puebla, Mexico, na hesabu ilipita milioni 21. Afrika ya Kusini pia walikuwa wanaitengeneza kule Uitenhage mupaka 1979. Motokari yenye ilikuwa mingi vile, piesi zake hazikufa. Zetu nyingi zilitoka Afrika ya Kusini, zikapita Kasumbalesa ndani ya mizigo ya watu wanaosafiri. Tena ni motokari nyepesi kueleweka. Injini iko nyuma, inapoa na upepo, haina radiateri. Imefungwa kwenye sanduku la vitesi na buloni ine tu. Vifuniko vya gurudumu vimefungwa na buloni pia, unafungua kimoja bila kugusa kingine.

SIKU KRIKI ILITEREZA

Mwezi wa kwanza nilikuwa na haraka. Nilitaka kuonyesha baba kama kazi imeanza. Nilitoa gurudumu mbili za kushoto, nikapandisha upande ule na kriki, pale pale fabriki ilipoweka mahali pa kriki. Mutoto wangu wa miaka 14 akaingia chini na lampe kuangalia sakafu.

Mama yake akamwita achote maji. Akatoka akinung'unika. Hakuwa amefika kwenye robine, tukasikia sauti. Chuma chenye kutu, pale kriki ilishika, kiliingia ndani sawa karatasi. Motokari ikaanguka. Ni kitu cha karibu kilo 800. Katikati ya sakafu na udongo palibakia nafasi ya ngumi moja.

Bibi yangu hakupiga kelele. Aliweka ndoo chini, akasema mbele ya majirani: "Weye delege, kule kazini unakatalaka bashefu batume batu chini ya jiwe yenye haishikiliwe. Sasa hapa nyumba, shefu ni nani?"

Nilikosa jibu. Nimesoma ripoti za ajali, nyingine nimezitia sahihi. Karibu zote zinasema neno moja: walikuwa na haraka, na boriti zilikuwa hazijafika. Mimi pia nilikuwa na haraka, na mbao zangu hazikufika kwa sababu nilitaka kubakisha dola 12. Kama ingekuwa kampuni, ningeitisha mukutano.

Tulisimamisha kazi wiki mbili. Nikanunua zile mbao. Kisha tukaandika sheria kwenye karatasi, tukaipiga musumari kwenye muti wa maembe, na kila mutu wa nyumba, hata mutoto, alikuwa na haki ya kusema "simama".

Ya kwanza: kriki inapandisha, haishikilii. Kisha kupandisha, tia chandeli za chuma, ao mbao ngumu, nene, zilizopangwa kwa musalaba sawa tunavyopanga chini ya udongo. Matofali, hapana. Bloki za simenti, hapana; zinapasuka mara moja bila kukupa alama.

Ya pili: shikilia motokari pahali penye chuma kizima, kama bomba la ekseli, si kwenye kando yenye kutu. Gurudumu zilizobakia chini zitiwe vizuizi mbele na nyuma.

Ya tatu: mbele ya kuingia chini, sukuma motokari na nguvu zako zote toka pembeni. Kama itaanguka, ianguke wakati uko nje.

Ya ine: hakuna mutu anaingia chini akiwa peke yake ndani ya kiwanja. Na mutoto haingii kabisa.

Ya tano: mbele ya cheche yoyote, batri inatoka na rezervwari ya esansi inatoka. Kwa Coccinelle rezervwari iko mbele, chini ya kofia, karibu na miguu yako. Ndoo ya muchanga mukavu inakaa karibu siku yote.

BABA ALIKATALA MAVUMBI

Kutu inapaswa kuondolewa mupaka chuma king'ae. Ukipiga rangi juu ya kutu, umeifunika tu blanketi; itaendelea kula ndani, na kisha mvua moja utaiona tena.

Fundi mumoja alitupatia bei nzuri sana: kusukuma muchanga mukavu wa mutoni na kompresere. Kwa siku moja motokari yote ingekuwa nyeupe. Nilikuwa tayari kukubali. Baba aliuliza: "Ule muchanga, mavumbi yake inaenda wapi?" Hakuna aliyejibu. Akasema: "Ile mavumbi minaijua. Iko humu ndani ya kifua."

Alikuwa na haki. Muchanga wa mutoni kwa sehemu kubwa ni silisi, jiwe lile lile linaloleta silikozi, ugonjwa wa wachimbaji. Ukiusukuma mukavu na upepo, unavunjika kuwa mavumbi madogo yasiyoonekana, yanaingia mupaka chini ya mapafu na hayatoki tena. Watoto wanaocheza pembeni wanayakula pia. Kwa hiyo tulikatala.

Tulifanya na mikono: burosi ya waya, kikwaruzo, na papye emeri yenye kulowanishwa na maji. Maji yanashika mavumbi, na hiyo ni muhimu mara mbili, juu rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi ndani yake. Kila jioni tulifagia matope yale, tukatia kwenye mukebe wenye kifuniko. Hatukumwanga kwenye bustani ya mboga. Tulivaa maski ya mavumbi ya kweli. Kitambaa cha mupuani hakizuii ile ndogo.

Freni za zamani nazo ziko na mavumbi yao. Viatu vya freni vya miaka ile vilikuwa na amianti. Usipulize ngoma ya freni na mudomo wala na kompresere. Lowanisha na maji ya sabuni, pangusa na kitambaa, tia kitambaa ndani ya mufuko, funga.

Kwa vipande vidogo, kama vishikio, bawaba na buloni, kuko njia mbili za bei ndogo. Moja ni kulowanisha ndani ya vinegre siku moja ao mbili, kupiga burosi, kuosha, kukausha mara moja na kupaka mafuta. Ya pili itafurahisha watu wa Shituru, juu ni kazi yao. Kule shaba inafuata umeme mupaka inakaa kwenye katodi. Sisi tulichukua ndoo ya plastiki, maji, na vijiko vichache vya karbonati ya sodiumu, ile unga wa kufulia nguo. Kipande chenye kutu kinafungwa upande wa kutoa wa sharjere ya batri ya volti 12, kipande cha chuma cha bure upande wa kujumlisha, na visigusane. Kwa saa chache kutu inalegea, unaitoa na burosi.

Lakini ufanye nje, pasipo sigara wala moto, juu ule upofu unaopanda ni gazi ya hidrojeni inayowaka. Zima umeme mbele ya kutia mukono. Usitie chumvi ya mboga, inaleta klori. Na chuma cha bure kisiwe inoksi, kinatoa sumu ya kromu ndani ya maji. Vipande vya freni na resori usivitie kabisa, vinaweza kupasuka nyuma.

TOLI NA MOTO

Hapa njo nililipa mutu mwingine. Kusude toli nyembamba si kazi ya kujifunzia kwenye motokari itakayobeba watoto wako. Posta ya kawaida ya baketi, ile ya kutengenezea milango ya chuma, inatoboa toli ya motokari kila mara. Tafuta fundi mwenye posta ya waya, na afanye nukta fupi fupi, akiruka toka upande mumoja kwenda mwingine, ili toli isijikunje na moto.

Ili kupunguza bei, tulifanya yote yaliyobakia sisi wenyewe: kukata chuma kilichooza, kung'arisha kando, kukata mifano kwenye karton ya mukebe, kisha kukata toli ya milimita 1 kufuata karton. Fundi alipokuja alikuta kila kipande kimepangwa na namba yake. Alifanya kazi siku tatu, si siku kumi.

Mafundisho matatu kwa yule atakayefuata. Mbele ya kukata mufereji wa chini ya mulango, sude bomba mbili za chuma ndani ya tundu la mulango, ya juu na ya chini, na uache mwili umefungwa kwenye shasi. Ukikata bila nguzo hizo, motokari inajikunja katikati na milango haitafunga tena. Ya pili: usitumikishe toli ya nyumba. Ni nyembamba, na zinki yake ikiungua inatoa moshi unaoleta homa. Ya tatu: mastiki ni ya kusawazisha, si ya kuziba tundu. Sakafu iliyozibwa na mastiki ni kama boriti ya karton.

Kisha kusude, siku ile ile, tulipiga antiruyi mara mbili, na ndani ya mifereji tukamwaga mafuta mazito. Tulizifungua tundu zote za kutoshea maji. Kazi ya kutu tuliifanya wakati wa jua na baridi tu, toka mwezi wa tano mupaka mwezi wa kumi. Wakati wa mvua chuma kitupu kinarudia kuwa chekundu kwa usiku mumoja. Miezi ya mvua tulitumika kwenye injini, chini ya baraza.

PALE HAPAPUNGUZWI

Kuko vitu vitatu ambavyo hatukununua okazi, na hatukumwachia mutu atuambie "itatembea tu": freni, mifereji ya esansi, na umeme.

Bomba za kauchu za freni, nje zinaweza kuonekana nzima, kumbe ndani zimevimba. Unakanyaga, freni inashika, na haiachi. Tulibadilisha zote, pamoja na silinda za gurudumu na silinda kubwa. Tia mafuta ya freni ya kweli tu, yenye alama ya DOT, kutoka kwenye mukebe uliofungwa. Mutu akikwambia utie mafuta ya injini, mufukuze. Mafuta yale yanavimbisha kauchu, na freni inakufa.

Mifereji ya esansi: kauchu ya zamani inapasuka, esansi inadondoka juu ya injini ya moto, na motokari inaungua. Hii njo iliua Coccinelle nyingi. Gharama ya mufereji mupya ni kidogo kuliko bia mbili.

Umeme: waya wowote wenye ngozi iliyopasuka unatoka. Fizibile ikikatika, tafuta sababu. Usitie kipande cha waya ao karatasi ya sigara.

Injini yenyewe ilitushangaza. Ilikuwa imeshikana, lakini kisha kutoa buji na kumwanga mafuta mepesi ndani ya silinda kwa wiki moja, ilizunguka na ufunguo polepole. Tulibadilisha juwe, buji, platine na kondasateri, tukaosha karbiratere. Nafasi ya supape ni milimita 0,15, ukipima injini ikiwa baridi, asubui. Mafuta ni litri 2,5 tu. Hakuna filtre ya mafuta ya kweli, ni chekeche tu, kwa hiyo badilisha mafuta mara mingi. Na vifuniko vyote vya toli vinavyozunguka injini virudi mahali pake, pamoja na kauchu yao. Wengi wanavitupa juu havionekani kuwa na kazi. Ni vile njo vinaongoza upepo. Bila vile injini inaungua. Taa nyekundu ya batri ikiwaka njiani, simama pale pale. Mushipi ule ule unazungusha pangaboi ya kupooza injini.

KAYE YA HESABU

Kila mutu ananiuliza bei. Hii njo kaye yetu, kwa dola. Mbao za nguzo, 12. Toli na fundi wa kusude, 210. Freni zote, 165. Mipira ine mipya, 160. Injini, 130. Batri, 70. Kauchu za vioo na milango, 60. Antiruyi, mastiki na papye emeri, 60. Waya na fizibile, 40. Usafiri wa piesi, 35. Jumla 942. Ukiongeza zile 45 za mudogo wangu, 987.

Sheria yetu ilikuwa: si zaidi ya dola 40 kwa mwezi, na hakuna deni kwa mukopeshaji wa riba. Likelemba ya watu kumi pale kazini ilitusaidia kwenye vitu vikubwa. Zamu yangu ilipofika, nilinunua freni zote mara moja. Mwezi wa minerval hatukununua kitu. Mwezi mumoja mushahara ulichelewa, motokari ikangoja chini ya baashi. Haikula, haikulia. Hiyo njo uzuri wa kazi ya namna hii: inakubali kungoja. Umasikini unaruhusu kuchelewa. Hauruhusu kumulaza mutu chini ya kriki.

Kwa feza ile haupati motokari ya okazi ya Dubai yenye afya. Lakini niseme ukweli: kazi ya mikono yetu haimo ndani ya hesabu. Ni siku za posho na za mungu za miaka miwili. Kama unatafuta faida, fanya biashara nyingine.

Munaona kama rangi haiko kwenye kaye. Haijanunuliwa. Fundi wa rangi anaomba dola 80, na zile zilizokuwa zimewekwa kwa rangi zilienda kwenye bomba za freni. Coccinelle iko kijivu, rangi ya antiruyi, upande mumoja umekolea kuliko mwingine. Siku baba alipoingia nayo kwenye mukutano wa wazee wa retrete, wenzake walicheka, wakasema amekuja na panya. Yeye alishuka polepole, akakohoa, akafunga mulango mara moja na ukafunga. Akawaambia: "Rangi itakuya. Mufungue kwanza, muangalie chini." Na wazee wale, watu wa mugodi, waliinama kweli kuangalia sakafu. Mumoja akagonga na fimbo yake. Ililia vizuri.

Wiki iliyopita mudogo wangu aliniomba motokari apeleke watoto kwenye masomo, juu mvua ilikuwa imeharibisha njia. Nilimwambia kama nimesikia freni ya nyuma ikilia kidogo, tuangalie kwanza. Nilikwenda ndani kutafuta ufunguo. Niliporudi, alikuwa amesha pandisha motokari, na kriki alikuwa ameiacha pembeni. Mbao zilikuwa zimepangwa kwa musalaba chini ya ekseli, na yeye alikuwa nje, anaisukuma na bega lake.